Mizigo ya Sisimizi

4 Julai 1993

Dada,

Salamu zangu zikufikie, wewe na shemeji. Huku hatuna ugonjwa wala njaa. Kazi ipo. Joto likizidi friji zinakufa, na zikifa mimi naishi.

Sisimizi amepata chuo. Barua ya kuitwa imefika Jumanne. Atasoma upimaji wa ardhi miaka mitatu. Chuo kiko mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi, kwa hiyo atakaa bwenini. Anatakiwa awe pale katikati ya Oktoba.

Wametuma maelezo ya vitu vya kwenda navyo. Ndoo, kufuli, chandarua, hayo naelewa. Lakini wameandika pia "mahitaji binafsi ya mwanafunzi wa kike", na hapo elimu yangu imefika ukingoni. Nilimwuliza mwenyewe, akacheka, akaingia ndani.

Njoo mwanzoni mwa Oktoba utusaidie kununua na kufunga mizigo, kisha tumpeleke pamoja.

Msalimie shemeji.

Mdogo wako,
Baridi

*

19 Julai 1993

Mdogo wangu Baridi,

Barua yako nimeipata, nikaisoma, nikaigeuza nyuma nikidhani kuna upande wa pili. Kumbe hakuna. Mistari yote hiyo ukiikusanya haijazi kiganja, na habari yenyewe ni kubwa namna hii! Mtu asiyekujua angedhani umeletewa bili ya maji.

Sisi tupo. Shemeji yako goti bado linamsumbua. Tangu aache kutengeneza baiskeli anakaa barazani kutwa na kuzikosoa zinazopita. Juzi alimsimamisha mtu asiyemjua, akamwambia mnyororo wako unalia, na yule bwana akashuka akashukuru. Basi mzee wa watu alilala na furaha. Mimi nimezama kwenye sare za shule. Unajua msimu wangu: kuanzia sasa mpaka Septemba sina macho wala mgongo.

Lakini niliposoma kwamba Sisimizi anakwenda chuo, nilipiga kigelegele mpaka wasichana wangu wakasimamisha vyerehani wakidhani nimechomwa sindano. Sisimizi wetu, aliyekuwa akiiba sukari punje kwa punje na kuipanga dirishani! Leo aende kupima nchi. Mpe mkono wangu, kisha mwambie shangazi yake analia kwa raha.

Unakumbuka nilipopelekwa bweni mimi? Huwezi kukumbuka vizuri, ulikuwa mdogo. Mama aliliweka sanduku katikati ya chumba juma zima, kila siku anaongeza kitu na kutoa kingine. Siku ya mwisho akageuka kufuata uzi, aliporudi akakukuta umekaa ndani ya sanduku juu ya nguo zangu, umejikunyata, unasema, "Na mimi napelekwa." Ulikataa kutoka. Ilibidi Baba akubebe hivyo hivyo, umeshikilia sketi yangu, nayo ikapasuka mshono. Mama alikuwa amepachika vipande vya sabuni ya kufulia katikati ya nguo ili zinuke nyumbani. Nilipofungua sanduku kule bwenini nilifunga tena upesi, harufu isitoke. Mpaka leo nikiwa kwenye foleni na mtu aliye mbele yangu akawa ananukia sabuni ile, nageuka kutazama, kama mjinga.

Haya, mahitaji binafsi. Gauni mbili za kushindia. Pamba, za kutosha muhula mzima, mwambie muuzaji akufungie kwenye karatasi na usione haya, kila mwenye binti hununua. Kandambili za bafuni. Vitana viwili, kwa sababu kimoja kitaazimwa na hakitarudi. Na sidiria, nakuomba kwa heshima zote, usinunue wewe.

Kuhusu kuja, sioni nafasi. Sare hizi zikiisha zinaanza za waliochelewa. Lakini wa kumsaidia hakosekani. Mtoto huyo hakuokotwa njiani, ana mama yake. Nimelisema hili mara moja na silirudii.

Najijua, nitalirudia.

Dada yako

*

3 Agosti 1993

Dada,

Pole na sare, na shemeji pole na goti. Sisi wazima. Nimepewa kazi ya friji zote za bucha la barabara kuu, kwa hiyo natoka mapema na kurudi nikinuka nyama. Sisimizi anasema paka wa mtaa mzima wananisindikiza.

Jumamosi tulikwenda mtaa wa vyombo kununua sanduku. Sikuwahi kurudi mtaa ule kwa manunuzi ya namna hii. Kijiko kikipotea nanunua hapa karibu. Maduka ni yale yale, masanduku ya bati yamepangwa nje mpaka barabarani, yamechorwa maua na jogoo. Sisimizi alichagua la kijani lisilo na mchoro. Muuzaji akataja bei, nami nikatia mkono mfukoni. Sisimizi akanivuta shati.

Dada, mtoto huyu aliliinua sanduku, akalitazama chini, akagonga kona moja kwa kidole, akaliweka. Akatazama duka la pili kama mtu aliyesahau jina la rafiki yake. Akaanza kuondoka taratibu. Nami nikaganda, kwa sababu kitendo kile nimewahi kukiona.

Tulipohamia kile chumba nyuma ya kwa mchomea vyuma, tulikuwa na godoro tu. Tulikwenda mtaa ule ule kutafuta beseni. Mtu fulani aliliweka beseni chini hivyo hivyo, akanishika mkono tukaondoka, akaninong'oneza, "Usigeuke. Ukigeuka tumeliwa." Sikugeuka. Tulifika karibu na mwisho wa mtaa, nimekwisha kata tamaa, ndipo tukaitwa. Tulirudi nalo kwa miguu, yeye kashika ukingo huu, mimi ule, kama watu waliobeba kitu kizito, nalo lilikuwa jepesi. Siku hiyo hatukununua kingine. Mwaka mzima beseni lile lilikuwa la kufulia, la kuogea na la kukingia paa linapovuja. Sisimizi alipozaliwa aliogeshwa humo.

Sijui kwa nini nakuandikia haya. Nilikuwa naeleza habari za sanduku. Tulilipata kwa bei ya Sisimizi.

Nimenunua pia ndoo, pasi, mwavuli na blanketi. Blanketi ni la bluu lenye mistari, zito, nimelichagua mwenyewe. Huko aendako wanasema asubuhi ni baridi. Mambo ya mahitaji binafsi nimemwachia jirani yetu mshona viatu, maana mkewe ana mabinti wanne.

Kuhusu kuja, bado nakusubiri.

Baridi

*

21 Agosti 1993

Baridi mdogo wangu,

Shemeji yako anakusalimu. Anauliza kama huko kuna bucha linalohitaji mtu wa kukaa na kukosoa. Mimi nimetahiniwa na walimu wakuu watatu juma hili, kila mmoja akitaka rangi yake ya kola, lakini barua yako niliisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevua miwani.

Huyo mtu fulani ni wifi yangu. Anajulikana. Ungeweza kumwandika tu, kalamu isingevunjika.

Sasa nikueleze jambo na usinikasirikie. Wakati wewe unanunua ndoo, pasi na blanketi, naye huko aliko ananunua ndoo, pasi na blanketi. Lake ni la kahawia. Amelipeleka stendi, litafika kwenu kwa basi. Mtoto mmoja, sanduku moja, kitanda kimoja cha bwenini, na kila kitu viwili viwili kama vile anahamia nchi mbili.

Tangu mwachane mnampokezana huyu mtoto kama kifurushi. Wewe unampandisha basi huku likizo ikianza, yeye anampokea kule, na kondakta ndiye mzazi wa katikati. Alipokuwa mdogo nilisema sawa, ni utaratibu. Sasa ni mwanamke mzima anayekwenda chuo. Chuo hicho hakiko kwako wala hakiko kwake. Mama yake angependa awepo siku hiyo. Hajaniambia nikuombe, yeye si mtu wa kuomba, unamjua. Amekonda kidogo, lakini sauti ni ile ile, na kule jikoni hospitalini wamempa kusimamia zamu nzima.

Fikiri. Usijibu leo.

Dada yako

*

1 Septemba 1993

Dada,

Umejuaje kwamba amekonda?

Kifurushi kimefika. Kondakta alikileta mpaka mlangoni, nikakipokea, nikakiweka chumbani kwa Sisimizi. Ni blanketi kweli, la kahawia.

Mimi nilidhani nina dada. Kumbe nina posta.

Nitampeleka mwanangu mwenyewe. Kama unakuja, njoo. Kama huji, usinitafutie wa kunijazia nafasi.

Mimi

*

27 Septemba 1993

Mdogo wangu,

Nimesubiri barua yako. Nikaandika tena kukuomba radhi, hukujibu. Shemeji yako akasema niache, akasema baiskeli iliyozama tope haisukumwi, inainuliwa. Basi naiinua.

Uliniuliza nimejuaje kwamba amekonda. Nimejua kwa sababu alikuwa hapa kwangu, akala mezani kwangu, akalala chumba cha wageni. Huja kila mwaka. Wewe uliachana na mkeo. Mimi hakuna aliyeniuliza kama naachana na wifi yangu. Niliogopa kukwambia, nawe hukupenda kuuliza, tukaenda hivyo.

Siku alipoondoka kwako alipitia hapa kwanza. Nikamwuliza, ndugu yangu amekufanya nini? Akasema, "Wifi, hajanipiga, hajaninyima, hajanitukana. Ila nimeolewa na friji. Imejaa kila kitu, lakini ukifunga mlango taa inazimika." Nilicheka siku ile, Mungu anisamehe, kisha tukalia wote wawili. Sikuwahi kukwambia kwa sababu ningekuumiza bure. Leo nakwambia nikiwa na sababu.

Sababu ni Sisimizi. Aprili alipita hapa akitoka kwa mama yake. Alikuwa ananisaidia kukunja sare, tukazungumza hili na lile, mara akasema wenzake shuleni husimulia wazazi wao wanavyogombana, wanavyotaniana, naye hana cha kusimulia. Akasema, "Shangazi, nikifumba macho sina picha yao wakiwa pamoja. Ninayo moja tu. Wanakamua shuka bichi uani, mama huku, baba kule, na maji yanamwagika miguuni kwao." Picha hiyo ni ya alipokuwa na miaka minane. Akaniomba nisikwambie. Nimekwambia.

Na jambo la mwisho. Sare nilizimaliza juma lililopita. Nafasi ninayo, nauli ninayo, na hamu ya kumwona mtoto akiingia chuo ninayo kuliko unavyodhani. Ila siji. Nikija utasimama nyuma yangu, kama ulivyosimama nyuma yangu utoto wote, na mimi nitasema badala yako, na siku itapita.

Ukikasirika kasirika, lakini soma tena.

Dada yako

*

6 Oktoba 1993

Dada,

Salamu kwako na kwa shemeji. Sina hasira. Nilikuwa nayo, imeisha gesi.

Barua yako niliisoma kazini, nikaitia mfukoni, nikaendelea na friji ya bucha. Nikafungua mlango, taa ikawaka. Nikafunga. Nikafungua tena. Sijui nilifanya hivyo kwa muda gani, maana mwenye bucha alikuja akaniuliza kama ubovu uko kwenye mlango. Nikamwambia hapana, mlango ni mzima.

Niliporudi nyumbani nilimkuta Sisimizi anafunga mizigo. Alikuwa ametandaza kila kitu sakafuni: vitabu, sahani, kandambili, pasi mbili, ndoo moja ndani ya nyingine. Sanduku lilikwisha kujaa nusu. Mablanketi yote mawili yalikuwa kitandani, yamekunjwa vizuri, na nikaona hayamo katika vitu vya kwenda. Nikamwuliza anachukua lipi.

Akasema, "Nitalala bila blanketi. Kule kuna joto."

Nikamwambia ni yeye aliyenisomea kwamba kule kuna baridi. Akaendelea kukunja gauni ambalo lilikwisha kukunjwa. Kisha akasema bila kunitazama, "Baba, nikichukua moja nitakuwa nimesema kitu. Mimi sitaki kusema kitu."

Dada, sauti ile ilikuwa yangu. Maneno ni yake, lakini kule kuyafungia ndani ni kwangu. Nikaketi kwenye kiti chake cha kusomea, nikatazama lile sanduku, nikaona kwamba mtoto wangu ameshajifunza kuishi kama mimi, na chuo chenyewe hajafika.

Kesho yake nilikwenda posta, nikasimama kwenye foleni ya simu, nikapiga hospitali, nikaomba jikoni. Wakamwita. Nilisikia masufuria, mtu akicheka, kisha nikasikia simu inachukuliwa.

Nikasema, "Ni mimi."

Akasema, "Najua. Hakuna mwingine anayepiga simu halafu akanyamaza."

Kumbe nilikuwa nimenyamaza kabla ya kusema. Nikamwambia ni tarehe kumi na tano, saa nne asubuhi, kwenye geti la chuo. Nikamwambia Sisimizi atafurahi. Kisha nikajilazimisha nikasema na mimi sitachukia. Ndivyo nilivyosema, sitachukia. Nilijua si maneno mazuri, lakini ndiyo yaliyotoka. Akasema atakuja. Hatukuagana, tulikaa hivyo hivyo mpaka simu ikakatika.

Jioni nilimwambia Sisimizi. Alikuwa anaosha vyombo. Hakugeuka, ila aliacha bomba wazi maji yakafurika karai. Baadaye akayachukua mablanketi yote mawili, akayatia kwenye mfuko mmoja, akaukalia ili ufunge.

Sasa niambie nivae nini.

Baridi

*

10 Oktoba 1993

Naituma hii kwa mkono wa dereva wa basi, posta itachelewa. Shati jeupe. Si lile lenye mafuta, lile la harusi ya binamu yetu. Na siku hiyo useme japo maneno matatu. Shemeji yako anasema manne.

Dada yako

*

19 Oktoba 1993

Dada yangu,

Shikamoo. Nimerudi salama, na hii ni barua ndefu, kwa hiyo kaa. Mwite na shemeji, umsomee.

Tulisafiri tarehe kumi na nne. Sanduku lilifungwa juu ya basi, na kila basi lilipoingia shimoni Sisimizi alitazama darini. Tulilala nyumba ya wageni karibu na stendi. Asubuhi nikavaa shati jeupe. Sisimizi akanirekebisha kola, akasema nimependeza kama shahidi mahakamani.

Tulipofika getini yeye alikuwa amekwisha fika. Amesimama pembeni ya mlinzi, ameshika mfuko wa nguo, amevaa miwani. Sikujua kwamba siku hizi anavaa miwani. Umesema amekonda, ni kweli, na kichwani mvi zimeanza, kama mimi. Alimkumbatia mtoto kwa muda mrefu. Kisha akanipa mkono.

"Za safari?"

"Nzuri."

Nikawa nimetumia moja, yamebaki mawili.

Bweni lina ghorofa tatu na chumba chake kiko juu kabisa. Nilibeba sanduku kichwani, yeye akabeba ndoo na mfuko wa mablanketi, Sisimizi akatangulia na mto. Katika kila ngazi tulipishana na wazazi wengine wanaoshuka wakiwa wamechoka, mikono mitupu. Chumba ni cha wasichana wanne, vitanda viwili vya ghorofa, makabati manne ya bati, dirisha moja linalotazama kamba za kuanikia nguo. Wenzake wawili walikwisha fika, kila mmoja na ukoo wake, wakachukua vitanda vya chini. Sisimizi akapata cha juu.

Basi kitanda kikatandikwa. Mimi nilipanda ngazi ya kitanda, mama yake akasimama chini, akanipa ncha ya shuka.

"Vuta kwako."

"Nimevuta."

"Tena kidogo."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo. Kona hii, kona ile. Mara nikageuka nimwombe Sisimizi foronya, nikamwona amesimama mlangoni, amekumbatia mto, hatusaidii, hasemi, anatutazama tu. Macho hayapepesi. Hapo nikaelewa anafanya nini, maana ulikuwa umeniandikia.

Dada, nikapunguza mwendo. Ile kona nilikuwa nimekwisha kuichomekea, nikaichomoa, nikaanza upya. Mama yake akainua uso, akanitazama mimi, akamtazama mtoto, asiulize. Naye akaichomoa ya kwake. Tukatandika kitanda kile kama watu wanaotandikia mfalme. Blanketi la bluu likalala chini, la kahawia juu. Ndivyo yeye alivyoamua, nami sikubisha. Kusema kweli ndivyo yanavyokaa vizuri.

Baadaye niliona mlango wa kabati lake haufungi. Nilikuwa na bisibisi mfukoni, nikakaza. Mwenzake akasema na langu pia, nikakaza. Chumba cha jirani wakasikia, wakaja. Nilikuwa kwenye kabati la sita au la saba mama yake alipotokea mlangoni akasema, "Utamaliza bweni zima." Wasichana wakacheka. Nikajikuta nacheka na mimi.

Sisimizi akaja akasimama kati yetu, akasema, "Baba, Mama, sasa nendeni. Naanza kuaibika." Alitusindikiza mpaka juu ya ngazi, si hatua moja zaidi. Nilishuka bila kusikia alichosema mwishoni, kwa sababu nilikuwa bado pale penye Baba, Mama. Miaka tisa sikuwahi kuyasikia maneno hayo mawili yakifuatana.

Mvua ikatukuta nje. Kuna mgahawa mbele ya geti, tukaingia, tukaagiza chai na mkate. Basi lake lilikuwa la saa tisa, langu la saa kumi, kwa hiyo hapakuwa na pa kukimbilia. Mwanzo tulitazama mvua. Kisha akaniuliza kwa nini upimaji wa ardhi, mtoto amepata wapi wazo hilo. Nikaanza kumweleza jinsi alivyokuwa akipima uwanja wetu kwa kamba, akaandika ukutani kwa mkaa, jinsi alivyogundua kwamba chumba changu kimepinda kuliko chake, jinsi alivyompimia jirani ua mpaka wakagombana na wa upande wa pili nikaitwa kusuluhisha. Niliongea. Chai ikapoa nikiwa naongea. Alicheka mpaka akavua miwani kuifuta.

Akasema, "Ungekuwa unaongea hivi..." akaliacha hapo. Sikumwomba alimalize.

Halafu akanieleza ya kwake. Kumbe Sisimizi akiwa kule huimba, jikoni, bafuni, kutwa. Nikamwambia kwangu hajawahi kuimba. Naye akasema kwake hajawahi kupima kitu. Tukakaa pale tukijulishana mtoto wetu, kila mmoja anatoa nusu aliyokuwa nayo, na mwenzake anashangaa.

Najua unachowaza, kwa hiyo tia breki. Usianze kushona nguo ya mtu. Yeye ana maisha yake na mimi nina yangu. Ila Desemba kuna siku ya wazazi kutembelea, na tumekubaliana wote tutakwenda, kila mtu kwa basi lake. Nilimwinulia mfuko mpaka ndani. Akakaa dirishani akaniambia nijitunze, nikamwambia na yeye pia. Basi likaondoka likinirushia matope, shati la harusi ya binamu likaharibika, na sikujali.

Nilifika kwangu kesho yake asubuhi. Nilipofika mlangoni nikapiga hodi. Ufunguo ninao mfukoni na nyumba ni yangu, lakini mkono ulikwisha kuzoea, kwa sababu siku zote Sisimizi huitikia kabla sijamaliza neno. Nikasimama pale. Jirani mshona viatu akainua kichwa akanitazama, akarudi kwenye kiatu chake. Nikasema mwenyewe, kwa sauti, "Karibu," nikaingia.

Ndimi mdogo wako,
Baridi